Andalio la Dakika Mbili

Leo maneno yangu ni ya walimu wa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ila mzazi usizime redio, maana mtoto wako yumo humu.

Kuna jambo linafanyika usiku kwenye nyumba za walimu, kuanzia Ihembe hadi Nkwenda, ambalo kila mwalimu analijua na wachache sana wanalisema mbele ya mwalimu mkuu. Ni saa mbili. Mwalimu ameshakula, madaftari ya watoto yamejaa mezani hayajasahihishwa, na kesho ana vipindi tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho. Anachukua simu, anaandika: nitengenezee andalio la somo la Hisabati, Darasa la Tano, mada ya asilimia. Dakika mbili hazijapita, andalio hilo hapo. Umahiri mkuu upo, umahiri mahususi upo, shughuli za mwalimu na za mwanafunzi zimepangwa, zana zimetajwa, vigezo vya upimaji vimekaa mahali pake. Ananakili kwenye daftari lake la maandalio, kesho linasainiwa, na maisha yanaendelea.

Mimi simlaumu mwalimu huyo hata kidogo. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na umeleta masomo ambayo baadhi ya walimu hawakuyasomea chuoni. Biashara sasa inafundishwa tangu Kidato cha Kwanza. Historia ya Tanzania na Maadili imeingia. Kiingereza kimeshuka hadi Darasa la Kwanza. Mwalimu aliyehitimu chuo miaka ishirini iliyopita anatakiwa ageuke, na ageuke upesi, huku azimio la kazi, andalio, nukuu na rekodi za maendeleo ya wanafunzi vyote vikimsubiri yeye yule. Akipata msaidizi asiyelala wala kudai posho, kwa nini asimtumie?

Kinachonisumbua ni mambo mawili. La kwanza ni lile andalio lenyewe. Kama mashine ambayo haijawahi kukanyaga Ihembe, haijui darasa lina watoto wangapi wala madawati mangapi, inaweza kuandika andalio likapita ukaguzi bila swali, basi tujiulize tumekuwa tukikagua nini miaka yote hii. Tumekagua karatasi. Mthibiti ubora wa shule akifika na kukuta maandalio yamenyooka, anaweka tiki. Sasa karatasi iliyonyooka imekuwa rahisi kuliko chumvi, na haimwambii mtu yeyote kama mwalimu amejiandaa. Nawaomba wathibiti wetu, na najua baadhi yenu mnasikiliza, mkae nyuma ya darasa muda mrefu zaidi ya ule mnaokaa ofisini mkipekua madaftari.

La pili, ambalo ndilo kubwa, ni ile siri. Mwalimu anatumia simu peke yake, usiku, na asubuhi hasemi. Mwenzake wa jirani naye anafanya vilevile, hasemi. Kosa alilopewa mmoja na mwingine anapewa hilohilo, na wote wawili wanalipeleka darasani.

Ngoja nieleze mashine hii inavyofanya kazi, kwa ufupi, kwa ajili ya mzee ambaye anasikia tu wajukuu wakitaja AI, yaani akili mnemba. Programu kama ChatGPT, ambayo ilifunguliwa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022, imelishwa maandishi mengi kupita anayoweza kuyasoma binadamu katika maisha yake. Kutokana na maandishi hayo imejifunza neno gani huwa linafuata neno gani. Ukiiuliza swali, inapanga jibu kipande kwa kipande, kila kipande kikichaguliwa kati ya vile vinavyoelekea zaidi kufuata. Siku hizi nyingine zinaweza pia kupekua mtandao kabla ya kujibu. Lakini ile tabia ya msingi haijaondoka: palipo na maandishi mengi inajibu vizuri, palipo na machache mara nyingi inajaza pengo kwa kubahatisha, na sauti yake haibadiliki. Binadamu asiye na hakika hugugumia, hukuna kichwa, husema ngoja nikaulize. Hii mara nyingi haigugumii.

Na maandishi mengi yako wapi? Yako kwenye Kiingereza. Kiswahili kinakuja nyuma sana, ingawa kinazidi kuongezeka. Kinyambo, lugha yetu ya hapa, ndiyo usiseme. Mwalimu wa Darasa la Kwanza anayemfafanulia mtoto neno la Kiswahili kwa lugha ya nyumbani asitegemee msaada hapo. Akiomba Kinyambo huenda akapewa Kinyankole kilichochanganywa na Kihaya, kimepangwa kwa unadhifu kama vile mzee wa huku kwetu Bweranyange ndiye aliyekisema.

Turudi kwenye asilimia, maana hapo ndipo utaona faida na hasara zikikaa kiti kimoja. Iombe mashine maswali kumi ya asilimia kwa Darasa la Tano. Utaletewa shati lililopunguzwa bei kwa asilimia 20 kwenye duka kubwa. Utaletewa riba ya benki, abiria wa treni, alama za mtihani wa mtu anayeitwa John. Hesabu zenyewe ni sahihi. Lakini mtoto wa Ihembe treni hajaiona, na shati la kwao linanunuliwa mnadani kwa kubishana.

Sasa mwalimu aiandikie hivi: kwetu kuna kitu kinaitwa butura. Mkulima mwenye shida anauza kahawa ikiwa bado ua mtini, anapewa pesa kidogo, na wakati wa mavuno mnunuzi anachukua gunia zima. Sentensi mbili tu. Kisha aombe maswali upya. Hapo mashine itafanya kazi utakayoishangaa. Itatoa maswali kumi, ishirini, mepesi kwa mtoto anayesuasua na magumu kwa yule anayemaliza kabla ya wenzake, na majibu juu.

Tuseme moja linasema hivi. Mzee amepokea shilingi 50,000 kwa gunia lililokuwa ua, na wakati wa mavuno gunia hilo limeuzwa mnadani shilingi 200,000. Mzee amekosa asilimia ngapi? Amekosa 150,000 katika 200,000, yaani asilimia 75. Na mwenye butura amepata faida ya asilimia ngapi? Ametoa 50,000, amepata 150,000 juu yake, yaani asilimia 300. Pesa ni ileile, asilimia ni mbili. Mtoto akiuliza kwa nini, basi somo la asilimia limeanza kweli, kwa sababu ameshajua kwamba asilimia ni lazima iwe ya kitu fulani. Na akirudi nyumbani akimfanyia baba yake hesabu hiyo, wale jamaa wa butura watakuwa na msimu mbaya. Serikali imeipiga marufuku butura mara nyingi, na vyama vya msingi vya ushirika chini ya chama kikuu chetu, KDCU, vimeisema mno. Mimi naamini hesabu ya mtoto inaweza kufika pale ambapo tangazo halifiki.

Lakini tazama maarifa yametoka wapi. Butura imetoka kwa mwalimu. Mashine imeongeza wingi na kasi. Mwalimu angenyamaza, darasa lingebaki na shati la dukani.

Historia ni hatari zaidi. Hapa kwetu Mtawala Rumanyika wa Karagwe aliwapokea wapelelezi wa Uingereza, Speke na Grant, mwezi Novemba 1861. Speke akaondoka Januari iliyofuata kwenda Buganda, Grant akabaki nyuma kwa sababu ya ugonjwa wa mguu. Hayo ya wageni yameandikwa na wageni wenyewe, kwa hiyo mashine inayo. Uliza kuhusu koo za Wanyambo, uliza kuhusu watawala waliomtangulia Rumanyika na mfuatano wao, hapo maandishi ni machache. Kazi kubwa ni ya mwanahistoria Israel Katoke, kitabu chake juu ya ufalme wa Karagwe kilichotoka mwaka 1975, ambacho hukipati kirahisi dukani. Mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili atakayeacha wazee wa Bweranyange walio umbali wa pikipiki, akaenda kuuliza simu, atapata orodha safi ya majina, na hakuna wa kuapa kwamba ni ya kweli.

Mnyauko wa migomba nao sitaupitia mbali. Ugonjwa huu uliingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, na hakuna mtoto wa mkulima hapa asiyejua kwamba shina lililougua linaondolewa, ua dume linavunjwa kwa kijiti chenye panda badala ya kukatwa, na panga linapitishwa motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Hauna dawa ya kupuliza. Mwalimu wa Sayansi akipewa na mashine ushauri wa jumla wa kupulizia viuatilifu, watoto wa nyuma watacheka, na watakuwa na haki.

Na kwamba mashine inahitaji mtu pembeni yake si jambo jipya; tazama historia ya kifaa hiki mnachonisikilizia. Mwaka 1973 Redio Tanzania ilirusha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Ilidumu wiki kumi na mbili. Watu wazima wapatao milioni 2 walijifunza juu ya malaria, kichocho, kuhara na vyoo, katika nchi ambayo vijiji vyake vingi wakati ule havikuwa na simu wala umeme. Wengi husema redio ilifanya maajabu. Redio peke yake isingefanya lolote. Watu wale waligawanywa kwenye vikundi vinavyokaribia 75,000, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyefunzwa na kitabu mkononi. Redio ikinyamaza, kikundi kinaanza kuzungumza: kwetu kisima kiko wapi, nani hana choo, Jumamosi tunachimba kwa nani. Vyoo vilichimbwa kwa yale mazungumzo ya baada ya redio kuzimwa.

Miaka michache baadaye ndugu zetu tuliowaita walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mara nyingine kwa dharau ambayo hawakustahili, walifunzwa vilevile. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote waingie shule ifikapo 1977. Walimu hawakuwapo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakasoma kwa masomo ya posta na vipindi vya redio huku wakifundisha vijijini mwao, wakiwa chini ya mwalimu mzoefu aliyekaa nao na kuwasahihisha. Mapungufu yalikuwapo, sitayaficha. Lakini nchi ilipata maelfu kwa maelfu ya walimu, na baadhi yenu mnaonisikiliza mlifundishwa kusoma na mmoja wao. Kipindi cha redio kilikuwa kimoja nchi nzima. Yule mwalimu mzoefu ndiye aliyekigeuza kikalifaa darasa lake.

Hata majaribio ya juzi yanaelekea hukohuko. Mkoani Tanga, kati ya mwaka 2017 na 2019, vishikwambi vyenye programu za Kiswahili vilipelekwa kwenye vijiji takriban 170, katika shindano la kimataifa la XPRIZE, kwa watoto ambao wengi wao walikuwa hawajaenda shule. Programu mbili, Kitkit School na ya onebillion, zikagawana zawadi ya dola milioni 10 mwezi Mei 2019. Watoto wengi walitoka kwenye kutojua herufi wakafika kwenye kusoma maneno. Ni jambo kubwa, wala silibezi. Ila mtoto anayesoma maneno bado anahitaji mtu wa kumuuliza umeelewa nini. Na huko Benin City, Nigeria, mwaka 2024, wanafunzi wa sekondari walijifunza Kiingereza kwa akili mnemba kwa wiki sita baada ya saa za shule, na Benki ya Dunia ikapima. Walioshiriki waliwapita wasioshiriki, tena kwa mbali. Ukisoma walivyofanya, utakuta mwalimu alikuwa ndani ya chumba kila kipindi, ndiye anayetoa swali la kwanza la siku na ndiye anayewarudisha wanaopotea.

Kwa hiyo ninachopendekeza kwa Ihembe hakihitaji mradi wala mfadhili. Tayari tuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo yanawataka walimu wakutane shuleni na kwenye vituo vya walimu kujadili kazi yao. Shule nyingi hukutana. Nyingine hukutana kwa ajili ya kusaini. Chukueni kikao kimoja, wekeni simu moja au kishikwambi kimoja katikati ya meza. Vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 Serikali iliviingiza shuleni, na vingine najua vinalala kabatini au vinaonyesha mpira. Muihoji mashine pamoja, kwenye mada ambayo ninyi mnaijua kuliko mtu yeyote. Ihojini mnyauko. Ihojini butura. Mtaona inapopatia na inapokosea, na mwalimu mgeni aliyepangiwa kazi huku kutoka mkoa mwingine atajifunza mambo mawili kwa mpigo: mashine, na Karagwe.

Kisha muwe na daftari la makosa. Daftari la kawaida la kaunta, likae ofisi ya walimu. Mashine ikimdanganya mtu, anaandika tarehe, alichouliza, ilichojibu, na jibu sahihi pamoja na mahali alipolipata: kitabu cha Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ukurasa fulani, au mzee fulani. Baada ya muhula mmoja daftari hilo litakuwa na thamani kuliko semina ya siku mbili hotelini Bukoba. Na TET, ambayo vitabu vyake vya kiada viko bure kwenye maktaba mtandao, ingefanya vyema kuyaomba madaftari hayo.

Kwenye suala la majina ya watoto nitakuwa mkali kidogo. Mwalimu anapiga picha insha ya mwanafunzi, jina juu, shule juu, alama pembeni, anaituma kwenye programu iisahihishe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Insha ya mtoto anayeandika kwamba nyumbani baba anampiga mama haitakiwi kusafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo. Kata jina, au bora zaidi, isahihishe mwenyewe. Kusahihisha kunachosha, najua, lakini ndipo mwalimu anapomjua mtoto. Andalio waweza kuipa mashine. Daftari la mtoto usiipe.

Mnaweza kuniambia tuna mambo ya dharura zaidi: mtandao unashikwa ukipanda kilimani, umeme wa sehemu kubwa ya Kagera kwa miaka mingi umekuwa ukivuka mpaka kutoka Uganda na ukikatika huko sisi tunawasha koroboi. Ni kweli. Ndiyo maana nasema iwe kazi ya jioni na ya kikao, isiwe kazi ya darasani. Ujumbe mtupu wa maandishi unakula bando dogo sana kuliko kufungua kurasa zenye picha. Walimu wa Sierra Leone wamekuwa wakitumia msaidizi wa namna hii kupitia WhatsApp, na wepesi huo ni sehemu ya sababu.

Na muda hautusubiri. Fanya hesabu nami, mzazi. Watoto walioanza Darasa la Tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya watamaliza elimu ya msingi Darasa la Sita, mwaka 2027. Wenzao waliokuwa Darasa la Nne mwaka huohuo watamaliza Darasa la Saba, mwaka huohuo wa 2027. Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi Kidato cha Kwanza kwa pamoja. Madarasa tutajenga, kwa tofali na kwa nguvu za wananchi kama tulivyozoea. Walimu hawafyatuliwi. Mwalimu atakayekuwa na watoto maradufu mbele yake atahitaji msaidizi kweli, na atakuwa ameshamzoea au atakuwa bado anamficha chini ya mto.

Limebaki la bando. Kwa sasa mwalimu analipa mfukoni mwake, kwa kazi ya umma. Maafisa elimu wetu wa kata, wa Karagwe na wa Kyerwa, nawauliza hewani ili mjibu hewani: bando la kikao kimoja cha MEWAKA kwa mwezi, kwa simu moja ya shule, litatoka fungu gani?